Walioandika bure: mwaka 2022 wa tovuti ya Ethereum, nikiutazama kutoka Jozi

Najua nimeadimika hapa kijiweni. Mama kanipa taarifa kwamba wapo waliomwuliza kama bado niko hai huku Sauzi. Niko hai kabisa, ni mihangaiko tu, na baridi ya Jozi ambayo inamfanya mtu wa Tanga alale na soksi mbili.

Leo sina picha za harusi wala bei za nyama. Nina historia kidogo, ya mwaka mmoja tu, na inawahusu kuliko mnavyodhani. Ndani ya familia yetu peke yake nimeshaulizwa na watu watano kuhusu hizi sarafu za mtandaoni. Shangazi wa Korogwe aliuliza kama bitikoini ni benki ya Wakenya (hapana, shangazi). Sitasema nunueni wala msinunue, hiyo si kazi yangu. Nataka kuwasimulia juu ya watu waliotumia mwaka 2022 kuandika na kutafsiri maelezo ya mambo haya, wengi wao bila kulipwa hata senti, na juu ya jina moja walilolifuta mwezi wa kwanza wa mwaka ule.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Chukueni mfano wa kikoba cha akina mama pale mtaani. Katibu ana daftari. Katibu akiwa mwizi, mmekwisha. Sasa fikirini kila mwanachama ana nakala ya daftari lile lile, kila anayechangia au kukopa anaandikwa kwenye nakala zote kwa pamoja, na ukurasa uliokwisha kujaa unafungwa kwa namna ambayo mtu akigusa tarakimu moja ya zamani, kurasa zote zinazofuata zinamuumbua. Hiyo ndiyo blokucheni: daftari la watu wasiojuana. Bitcoin ilianza hivyo Januari 2009. Ethereum ikafuata. Kijana Vitalik Buterin, mzaliwa wa Urusi aliyekulia Kanada, aliandika wazo lake mwishoni mwa 2013 akiwa na miaka 19, na mtandao wenyewe ukawashwa tarehe 30 Julai 2015. Tofauti ya Ethereum ni kwamba ndani ya daftari lake unaweza kuweka hesabu na masharti pia: siku fulani ikifika, fulani alipwe, na daftari lenyewe linatekeleza bila kumsubiri katibu.

Kitu cha namna hiyo lazima apatikane mtu wa kukieleza. Ethereum haina makao makuu kama benki. Ipo taasisi isiyo ya faida, Ethereum Foundation, na ipo tovuti ya kufundishia, ethereum.org. Mwaka 2019 tovuti hiyo iliwekwa kwenye utaratibu wa programu huria. Kila mstari wake uko wazi pale GitHub, na mtu yeyote, awe Kigamboni au Kimberley, anaweza kuchukua nakala, kusahihisha na kupendekeza badiliko. Mwingine analikagua, wanabishana (jamani, wanabishana!), likikubalika linaingia, na jina la aliyelileta linabaki kwenye kumbukumbu. Mwaka huo huo wa 2019 ukaanza mpango wa kutafsiri, na leo lugha ni nyingi, Kiswahili kimo.

Kutafsiri kwenyewe ni kazi ya subira. Unafungua jukwaa linaloitwa Crowdin, unaletewa sentensi moja moja ya Kiingereza, unaandika ya kwako chini yake. Wengine wanaipigia kura au wanaandika iliyo bora. Halafu anakuja mhakiki ndipo ichapishwe. Tatizo ni kwamba Waingereza wenyewe hawatulii. Wakibadilisha sentensi upande wao, ya kwako inaanguka, unaanza upya. Ndiyo maana mtu akifungua ukurasa wa Kiswahili hukuta aya ya Kiswahili halafu aya ya Kiingereza, kama kanzu yenye kiraka cha jinsi, au anakuta bango linalomwambia kuna toleo jipya ila kwa sasa ni la Kiingereza tu.

Msidhani utaratibu huu ulibuniwa na vijana wa sarafu. Hapa jirani ulikuwepo zamani. Mwaka 2001, Dwayne Bailey alianzisha Translate.org.za, mradi wa Afrika Kusini wa kutafsiri programu huria kwa lugha zote 11 rasmi za wakati ule. Walianza na lugha chache, Kizulu, Kisotho cha Kaskazini na Kiafrikana zikiwa za mwanzo kwa programu ya ofisi ya OpenOffice, na njiani wakatengeneza Pootle, chombo cha kutafsiria kwa pamoja mtandaoni ambacho kilitumiwa hata na watu wa mabara mengine. Na sisi hatukulala. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili, kwa ushirikiano na kampuni ya Sweden. Walikaa wataalamu wa kompyuta na wa lugha wakatafuta maneno ya vitu mamia: faili, dirisha, kipanya (si yule mchora katuni). Wakubwa waliofanya kazi serikalini miaka ile huenda wanaikumbuka. Kwa hiyo ukiona mtu mwaka 2022 anatafsiri sentensi za Ethereum usiku wa manane bila malipo, jua anapita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Sasa kwa nini nautazama mwaka huu kutoka Jozi na si kutoka kwingine? Kwa sababu mji huu ni mahali ambapo mambo haya yana sura mbili, na zote mbili zinaonekana mchana kweupe.

Sura ya kwanza ni ya wenye suti. Mwaka 2018 Benki Kuu ya Afrika Kusini, pamoja na benki za biashara saba, ilifanya jaribio lililoitwa Khokha, neno la Kizulu lenye maana ya kulipa. Walitumia mfumo uliojengwa juu ya Ethereum, na wakaonyesha kwamba malipo ya siku nzima kati ya mabenki yanaweza kumalizika kwa chini ya saa mbili. Jijini Joburg ndiko ilikoanzia VALR, soko la kubadilishia sarafu hizi. Na kwetu sisi wahamiaji kuna sababu ya tumbo kabisa: kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeiweka Afrika Kusini kuwa nchi ghali kuliko zote za kundi la G20 kwa mtu anayetuma pesa kwao. Mnaponiona natuma pungufu ya nilichoahidi, wakati mwingine kilichobaki kimeliwa njiani. Kwa hiyo pale Yeoville Wakongomani na Wabongo wakisikia kuna njia ya kutuma pesa isiyopita dirishani, masikio yanasimama.

Sura ya pili ni ya wezi. Kampuni ya Mirror Trading International, yenye makao Stellenbosch kule Cape, iliwaambia watu waweke bitcoin, kuanzia yenye thamani ya dola 100 tu, na kwamba roboti itafanya biashara na kuwaletea faida kila mwezi. Ilianguka mwishoni mwa 2020 na mkuu wake akakimbilia Brazil. Hapa hapa Joburg, Aprili 2021, vijana wawili ndugu wenye kampuni ya Africrypt waliwaandikia wateja kwamba wameibiwa na wadukuzi, na wakawaomba wasiende polisi maana eti itachelewesha kupatikana kwa fedha! Kiasi kilichopotea kinabishaniwa mpaka leo, ile barua haibishaniwi.

Kwetu je? Mnakumbuka DECI ya 2009. Watu walipanda mbegu, wakasubiri kuvuna, serikali ikafunga, wengine wakavuna magugu. Uganda kulikuwa na Dunamiscoins iliyofunga milango Desemba 2019. Serikali zilifanya nini? Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari Desemba 2015. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi. Halafu Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa. Tahadhari, katazo, maandalizi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomweleza mtu wa Korogwe kitu chenyewe ni nini, na mwizi anapenda sana pengo la namna hiyo. Yeye hueleza. Tena hueleza kwa Kiswahili kizuri.

Basi tuingie kwenye mwaka wenyewe.

Tarehe 24 Januari 2022 Ethereum Foundation ilitangaza kwamba jina Eth2 linaachwa. Ngoja niwaeleze maana ndiyo kiini cha habari hii. Kwa miaka kadhaa wahandisi wa Ethereum walikuwa wanatengeneza injini mpya ya mtandao wao. Sehemu ya kwanza ya injini hiyo ilikuwa inazunguka pembeni tangu tarehe 1 Desemba 2020. Watu waliizoea kwa jina la Ethereum 2.0, kwa kifupi Eth2. Jina zuri, fupi, la kisasa. Lakini lilimfanya msikilizaji adhani kuna Ethereum ya kwanza ambayo itakufa na ya pili ambayo itazaliwa, kwa hiyo lazima kuwe na sarafu mpya, kwa hiyo lazima ya zamani ibadilishwe. Haikuwa hivyo. Sarafu ni ile ile, daftari ni lile lile, kinachobadilika ni injini chini ya boneti. Walaghai hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wakaanza kuwaambia watu: leteni ETH zenu tuwape ETH2.

Ninyi mnalielewa hili kuliko Wazungu. Benki Kuu ya Tanzania ilipoondoa noti za zamani kwenye mzunguko, Januari hadi Aprili 2025, si kila mtu aliambiwa aende benki? Sasa fikirini mtu anapita nyumba kwa nyumba na begi, anasema mimi nakusanya za zamani, nitakuletea mpya kesho. Tofauti ni kwamba kwa Ethereum hapakuwa na noti mpya kabisa.

Tangazo lilitoa sababu kadhaa za kuacha jina, na ulaghai ulikuwa mojawapo kwa maandishi kabisa. Baada ya hapo ikawa kazi ya walioshika kalamu. Jina likishaenea huwezi kulifuta kwa tangazo moja. Linakaa kwenye vichwa vya habari, kwenye picha, kwenye vitufe, kwenye ukurasa alioutafsiri mtu miaka miwili nyuma kwa lugha ambayo hakuna mwingine wa kuikagua. Kila lugha ilibidi ipitiwe. Ni kazi isiyo na sifa yoyote, hakuna anayepiga picha amesimama kando ya neno alilolifuta. Mimi ndiyo naiona kuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule.

Mwaka uliendelea na mengine. Bei zilianguka: ether moja iliyokuwa zaidi ya dola 3,600 mwanzoni mwa Januari ilimaliza Desemba karibu na dola 1,200. Tarehe 30 Juni mamlaka ya Marekani inayosimamia biashara hizi, CFTC, iliishtaki Mirror Trading na mkuu wake mahakamani, ikitaja bitcoin 29,421 zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7. Huku Sauzi watu walizungumza wiki nzima. Wiki moja baadaye, tarehe 7 Julai, dunia ikaadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO. Hotuba zilikuwa nyingi na ngoma zilipigwa. Mimi nilikuwa nawaza kwamba lugha inayosherehekewa hivyo ingepata watu 20 tu wa kukaa na kurasa hizi kila mwaka, ingekuwa zawadi tosha. Watu wa ethereum.org wenyewe wamewahi kufanya shindano la kutafsiri, wenye lugha zao wakakimbizana kwa siku kadhaa. Vitu vya namna hiyo vinasaidia kujaza kurasa, ingawa nina wasiwasi na tafsiri inayofanywa mbio. Ugali wa haraka una mabuje.

Halafu ikaja Septemba. Tarehe 15 Septemba 2022 injini mpya ikaunganishwa na mtandao wa zamani ukiwa unatembea, bila kuzimwa. Tukio hilo waliliita Merge. Mimi ningeliita Muungano, na najua baadhi yenu mtacheka na kuuliza kama na huo una kero zake. Mpaka siku ile, haki ya kuandika ukurasa mpya wa daftari iligombewa na mashine zilizokuwa zinabahatisha namba mchana na usiku zikila umeme. Baada ya siku ile, anayetaka kuandika anaweka dhamana ya ether 32, na akidanganya anakatwa. Matumizi ya umeme ya mtandao mzima yalishuka kwa takriban asilimia 99.95. Habari hiyo niliisoma hapa Jozi kwenye simu, gizani, maana mwaka ule mgao wa umeme wa Afrika Kusini ulipita siku 200. Nikasema kimoyomoyo, mngeiuza hiyo teknolojia kwa Eskom.

Kabla ya tukio hilo tovuti ilikuwa na ukurasa wa kuorodhesha mambo ambayo watu wanayaelewa vibaya. Kwamba Merge itapunguza gharama za kutuma: hapana. Kwamba mwenye sarafu anatakiwa kufanya chochote: hapana, hatakiwi kufanya lolote. Hilo la pili, wapendwa, lina thamani ya fedha taslimu.

Mpwa wangu wa Tanga (sitamtaja, ila yeye anajijua) alikuwa na vipande vidogo vya ether alivyovikusanya kwa kuchora nembo za watu mtandaoni. Thamani yake ilikuwa kama ya pikipiki kuukuu. Wiki ile ya Muungano akaletewa ujumbe kwenye WhatsApp, Kiswahili fasaha, nembo nzuri, kwamba ether zote za zamani zinakufa Ijumaa na azitume kwenye anwani fulani apate mpya mara mbili. Akanipigia: "Anko, hii imekaaje?" Nikamtumia ukurasa. Akaniambia sehemu anayoihitaji bado iko kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilisimama nje ya duka la dawa, kwenye upepo, nikamsomea kwenye simu sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili changu cha Chumbageni. Hakutuma. Rafiki yake aliyeletewa ujumbe ule ule hakuwa na wa kumsomea.

Siku chache baadaye Nairobi na Kilifi zikawa na mkutano wa ETHSafari, vijana wa Afrika Mashariki wakakutana kuzungumza mambo haya haya ana kwa ana, na kwa mara ya kwanza nikaona picha za watu wa Ethereum wakiwa na mitumbwi nyuma yao. Na hapa Pretoria, mwaka huo huo, mhandisi Kgothatso Ngako alianzisha Machankura, huduma ya bitcoin inayotumia menyu zile za nyota na reli kwenye simu ya kitochi, bila intaneti. Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha Exonumia, mradi wa kutafsiri maandishi ya bitcoin kwa lugha za Kiafrika. Alianza na maneno kabla ya chombo.

Oktoba 19 mamlaka ya fedha ya Afrika Kusini, FSCA, ilitangaza kwamba sarafu hizi ni bidhaa ya fedha kisheria, maana yake anayeziuza au kushauri lazima awe na leseni. Leseni za kwanza zilitoka 2024. Novemba 11 soko kubwa la FTX likafilisika, na hao wote waliokuwa wanasema wanaaminika kwa sababu wanaonekana kwenye televisheni wakanyamaza.

Sasa niseme la kwangu kuhusu maneno, maana mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili na ugonjwa huu sitapona.

Mkisoma maandishi ya Kiswahili juu ya mambo haya, kila mahali, mtakuta maneno yanayofungua mlango kwa mwizi bila mtafsiri kukusudia. Lile wazo la masharti yanayojitekeleza, Waingereza wanaliita mkataba wenye akili. Ukilitafsiri mkataba janja, umeshamwambia mtu ajihadhari, maana kwetu mjanja ni wa kuangaliwa mara mbili. Mkataba erevu una nafuu. Mimi ningesema mkataba unaojitekeleza, ni refu lakini halidanganyi. Kuweka zile ether 32 wengine wanakuita kuwekeza. Hapana! Kuwekeza ndilo neno la DECI, la Mirror Trading na la kila aliyekuja na begi. Ni kuweka dhamana, kama unavyomwekea ndugu yako polisi: akitoroka, imeliwa. Uchimbaji nao ukimwambia mtu wa Geita au mtu wa mji huu uliozaliwa 1886 kwa sababu ya dhahabu, anaona shimo, jasho na mali halali chini ya ardhi. Zilikuwa mashine zinabahatisha namba. Na kwa Ethereum zilizimwa Septemba 2022, kwa hiyo mtu anayekuuzia leo mashine ya kuchimba Ethereum anakuuzia hewa.

Baya kuliko yote ni mbegu. Yale maneno 12 au 24 ya siri ambayo ukiyapoteza umepoteza kila kitu, Kiingereza kinayaita maneno ya mbegu. Mtanzania aliyeishi 2009 akiambiwa tupe mbegu yako, atadhani anaambiwa kupanda! Aitwe anayehusika, tuseme maneno ya ufunguo, yaishe.

Kuna jambo jingine ambalo si la lugha. Aprili 2022 Ethereum Foundation ilichapisha ripoti ikionyesha kwamba hadi mwisho wa Machi ilikuwa na mali ya takriban dola bilioni 1.6. Mtafsiri wa kujitolea anapata beji ya kidijitali na cheti. Wapo wanaosema huo ni unyonyaji, na wapo wanaosema hivyo ndivyo programu huria ilivyo tangu enzi na enzi. Mimi niko katikati kidogo, ila naegemea upande mmoja. Mjerumani anayetafsiri usiku ana kazi ya mchana inayomlipa. Kijana wa Mbagala anayetafsiri usiku amenunua bando kwa pesa ya chakula. Lugha zenye watu wa kipato hujaa haraka, lugha zetu hubaki na viraka, halafu mtu anasema Waswahili hawajitokezi. Wale wa Dar mwaka 2004 walikuwa na chuo na ufadhili wa Sweden nyuma yao, na ndiyo maana walimaliza. Na tusisahau kwamba hata tovuti iwe wazi namna gani, bado ni duka linalojieleza lenyewe. Imeandikwa na wanaoipenda Ethereum. Someni mkijua hivyo.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Aprili 2023 waliokuwa wameweka dhamana waliruhusiwa kuzitoa kwa mara ya kwanza, na mwezi huo huo mahakama ya Cape ikatamka kwamba biashara ya Mirror Trading ilikuwa upatu haramu. Tanzania mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, yaani tumetoka kwenye katazo tukafika kwenye kodi bila kupita kwenye maelezo. Kenya ikapitisha sheria yake 2025. Na jina Eth2 bado linaelea. Kila mara mtu ananitumia ujumbe wenye jina hilo, na sasa nikiliona tu najua ninazungumza na nani.

Nina ombi, na hili ni kwa wote, hata bibi. Yale maneno ya ufunguo huchaguliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Orodha zilizokubaliwa ziko za lugha kadhaa: Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki, Kireno na Kichina cha aina mbili. Kiswahili hakimo. Mtu wa Korogwe anayetaka kulinda mali yake lazima anakili maneno 12 ya Kiingereza asiyoyajua na aombe Mungu asikosee herufi. Nimeanza kuandika orodha yetu kwa kujifurahisha. Kanuni ni kwamba herufi nne za mwanzo za neno zitoshe kulitofautisha na mengine yote, na hapo ndipo Kiswahili kinapotoa jasho: kitabu, kitanda, kitambaa, kitana, vyote ni kita, kwa hiyo lazima nichague kimoja na kuviacha vingine. Vitenzi vyenye ku- mwanzoni nimevitupa vyote. Nina embe, dafu, ukwaju, samaki, jembe, ngalawa, na mengine, jumla 311. Nitumieni maneno mafupi ya kila siku, yasiyo na matusi (binamu, nakuangalia wewe), nitayaongeza Jumapili.

Wasalaam kutoka Jozi.